Daraja la Sumu: Uainishaji wa Hatari za Kemikali na Mazingira ya Kilosa na Mikumi

Chupa ya dawa ya wadudu inayouzwa katika duka la pembejeo, Dumila au Kilosa mjini, huwa na utepe wa rangi chini ya kibandiko chake. Mwekundu ni wa viuatilifu vikali kupindukia na vile vikali sana, wa njano ni wa ukali wa kati, wa bluu ni wa ukali mdogo, na wa kijani ni wa vile visivyotarajiwa kuleta madhara ya ghafla vikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Mpango huo wa rangi umetoka katika miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO). Madaraja yaliyo nyuma yake ni ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1975. Mkulima wa nyanya aliyevamiwa na mdudu kantangaze hana muda wa kuusoma utepe. Anauliza bei, anauliza kama dawa inaua kweli, analipa na kuondoka. Lakini tuseme angeusoma kwa makini: ungemwambia nini hasa?

Makala hii inadai kwamba daraja la hatari halimo ndani ya kemikali jinsi uzito au kiwango cha kuchemka kilivyomo. Daraja ni hukumu iliyotolewa na wataalamu ili kujibu swali fulani kwa kipimo fulani. Likihamishiwa kwenye swali jingine linaweza kudhuru kuliko kutokuwapo kabisa, kwa kuwa linakuja na muhuri wa sayansi. Wilaya ya Kilosa ni mahali pazuri pa kulipima dai hili. Kuna bustani za nyanya na vitunguu, mpunga wa Kilangali na Rudewa, mkonge wa Kimamba, miwa ya wakulima wa Ruhembe na Kidodi walio nje ya mashamba ya kiwanda. Kuna pia mji wa Mikumi, unaopokea malori yanayotoka katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi baada ya barabara kuu ya kwenda Zambia kuipasua hifadhi hiyo kwa takriban kilometa 50. Sumu hukutana na watu hapa kwa njia tofauti, na kila njia inauliza swali lake.

Panya na rangi ya njano

Msingi wa daraja la WHO ni panya wa maabara. Kinachotafutwa ni kiasi cha sumu, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kinachoua nusu ya panya waliolishwa mara moja. Kikiwa chini ya 5, sumu inaingia daraja la Ia. Kati ya 5 na 50 ni Ib. Kati ya 50 na 2,000 ni daraja la II, lenye utepe wa njano. Zaidi ya 2,000 ni III, na kuanzia 5,000 kemikali inawekwa katika kundi la U, lenye utepe wa kijani. Kuna vipimo sambamba vya sumu inayopita kwenye ngozi, ambavyo mipaka yake ya juu kwa madaraja matatu ya kwanza ni 50, 200 na 2,000. Mipaka hii haikushuka kutoka mbinguni. Hadi marekebisho ya mwaka 2009, vitu vigumu na vimiminika vilikuwa na mipaka tofauti: daraja la II la vitu vigumu liliishia 500, la vimiminika likafika 2,000. Kemikali kadhaa zilihama daraja bila chembe hata moja kubadilika.

Tazama upana wa daraja la II. Lambda-sihalothrini, kiambato amilifu cha Karate, dawa inayojulikana kwa kila mkulima wa mboga nchini, imewekwa humo kwa kipimo cha 56. Profenofosi, iliyomo katika Selecron, imo humo humo kwa kipimo cha 358. Kemikali yenye kipimo cha 1,900 nayo ingekuwa humo. Ya kwanza na ya mwisho zinapishana kwa zaidi ya mara 30, lakini dukani zote ni njano.

Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuoanisha uainishaji na alama za kemikali duniani, unaofahamika kwa kifupi GHS, unakata mahali pengine. Mfumo huo ulizaliwa na madai ya muda mrefu. Baada ya maafa ya gesi ya sumu ya Bhopal, India, mwaka 1984, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 170 kuhusu kemikali mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia. Mkutano wa Rio wa mwaka 1992 ukataka mfumo mmoja wa dunia, na toleo la kwanza likachapishwa mwaka 2003. Kwa sumu inayomezwa, mipaka yake ni 5, 50, 300, 2,000 na 5,000. Kwa hiyo lambda-sihalothrini, kama kemikali ghafi, inapata alama ya fuvu na mifupa pamoja na neno la Hatari. Profenofosi inapata alama ya mshangao na neno la Onyo. Panya wale wale, namba zile zile, ila sura ni mbili. Msomaji asichukulie kwamba mmoja kati ya mifumo hii ni wa uongo. Kila mmoja umechagua pa kukata, na pa kukata hapako katika maumbile.

Hesabu ya bidhaa iliyochanganywa inazidisha ugumu. WHO inaruhusu kipimo cha kiambato amilifu kizidishwe kwa 100 kisha kigawanywe kwa asilimia ya kiambato hicho ndani ya chupa. Chukua bidhaa yenye asilimia 5 ya lambda-sihalothrini: 56 mara 100 gawanya kwa 5 ni 1,120, kwa hiyo ni daraja la II. Ikipunguzwa hadi asilimia 2.5, jibu linakuwa 2,240 na bidhaa inaangukia daraja la III. Utepe umehama kutoka njano kwenda bluu. Mantiki yake ni sahihi, maana mililita moja ya dawa hafifu ina sumu kidogo. Ila shambani dawa hupimwa kwa kifuniko cha chupa, na mkulima aliyeona wadudu hawafi anaongeza kifuniko cha pili na cha tatu. Hakuna daraja linalojua hesabu ya vifuniko.

Wala daraja halijui mgongo unaolowa. Mtu anayepiga dawa Kilosa mara nyingi hamezi kitu. Dawa kali kabla ya kuzimuliwa inamwagikia vidoleni anapoipima, kisha bomba la mgongoni linavuja kwenye mfuniko au kwenye mpira, na shati linabaki limelowa hadi saa sita mchana. Jua la tambarare ya Mkata linafungua vinyweleo. Ovaroli nzito, glavu na barakoa vinavyochorwa kwenye kibandiko havivaliki katika joto hilo hata kwa anayevimiliki. Kwa dawa za jamii ya oganofosfati, kama profenofosi, athari hujilimbikiza: sumu inazuia kimeng'enya cha kolinesterasi kinachosafisha mawasiliano ya neva, na kimeng'enya hicho huchukua wiki kadhaa kurudi kawaida. Anayepiga dawa kila wiki anaanza duru mpya akiwa bado na deni la duru iliyopita. Panya wa maabara alilishwa mara moja.

Utafiti wa Vera Ngowi na wenzake kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba asilimia 68 ya wakulima walisema waliwahi kujisikia vibaya baada ya kupiga dawa kwa kawaida yao. Karibu thuluthi moja walikuwa wakichanganya viuatilifu kadhaa ndani ya bomba moja, na si kibandiko wala bwana shamba aliyekuwa ametoa maelekezo ya mchanganyiko huo. Takwimu hizo si za Kilosa, lakini nyanya za Dumila, na zile za Doma jirani katika wilaya ya Mvomero, zinalimwa kwa dawa za aina ile ile na mabomba ya aina ile ile. Kanuni za kuainisha michanganyiko zipo, nazo zinahusu mchanganyiko uliotoka kiwandani. Mchanganyiko unaofanyika kando ya mfereji hauna daraja.

Ubaya wa utepe wa kijani

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko upande wa rangi inayotuliza moyo. Mankozebu ni dawa ya ukungu inayopulizwa dhidi ya bakajani kila msimu wa mvua, kwa majina ya biashara kama Dithane. Kipimo chake kwa panya kinazidi 8,000, kwa hiyo imo katika kundi la U. Kwa swali la kama mtu atakufa leo jioni, kijani ni jibu la haki. Lakini mankozebu inapovunjika, mwilini, mimeani au ikipikwa, hutoa kemikali iitwayo ethilini thiourea inayovuruga tezi ya thiroidi. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea muda wa matumizi mwaka 2020, kwa sababu zikiwemo kuainishwa kwake kuwa inadhuru uzazi na mtoto aliye tumboni, na kuvuruga homoni. Ni kemikali hiyo hiyo. Ulaya waliuliza kuhusu mimba na homoni, utepe wetu unajibu kuhusu kifo cha ghafla.

Mfumo wa GHS unalo daraja la madhara ya uzazi, la saratani na la madhara ya kurudiarudia kwa viungo vya mwili. Alama yake ni kifua cha binadamu chenye nyota iliyopasuka. Kwa upande huo ni mfumo bora kuliko wa WHO wa mwaka 1975. Lakini alama hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kueleweka, na mwanamke mjamzito anayepalilia nyanya zilizopuliziwa jana hashiki chupa, hivyo hata iwe na alama gani haimfikii.

Kuna pia suala la tiba, ambalo mifumo yote inalipitia juu juu. Parakwati, iliyouzwa duniani tangu mwaka 1962 na kujulikana zaidi kwa jina la Gramoxone, imo daraja la II kwa kipimo cha 150. Iko sawa na oganofosfati nyingi kwa daraja, lakini oganofosfati ina atropini, dawa ambayo hata kituo cha afya kinaweza kuwa nayo. Parakwati haina kiuasumu. Huharibu mapafu siku baada ya siku huku mgonjwa akiwa na akili zake timamu, na kumpa oksijeni mapema kunaweza kuzidisha uharibifu. Kitabu cha WHO chenyewe kinaongeza maelezo ya tahadhari kando ya jina lake, jambo linaloonyesha kwamba waandishi wake wanaijua kasoro ya jedwali lao.

Ushahidi mzito kuliko wote kuhusu jambo hili umetoka Sri Lanka. Andrew Dawson, Michael Eddleston na wenzao walifuatilia wagonjwa zaidi ya 9,000 waliolazwa kwa sumu za kilimo kati ya mwaka 2002 na 2008, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Baadhi ya viuatilifu havikuua mgonjwa hata mmoja. Parakwati iliua zaidi ya asilimia 40 ya waliolazwa kwa ajili yake. Tofauti hiyo kubwa ilijitokeza hata kati ya viuatilifu vya daraja moja, kwa hiyo panya hakuwa ametabiri sawasawa kinachompata binadamu. Sri Lanka ilikuwa imeondoa viuatilifu vya daraja la I sokoni kufikia mwaka 1995 na endosulfani mwaka 1998. Kati ya mwaka 2008 na 2011 iliondoa dimethoati, fenthioni na parakwati, ambazo kwa WHO ni daraja la II tu. Iliacha kufuata daraja, ikafuata kitabu cha wodi. Vifo vya kujiua nchini humo, vingi vikiwa vya sumu za shamba, vimepungua kwa zaidi ya thuluthi mbili tangu kilele cha miaka ya 1990, na uchunguzi wa Gamini Manuweera na wenzake, wa mwaka 2008, haukuona mavuno yakishuka kwa sababu ya viuatilifu vilivyokuwa vimeondolewa kabla ya hapo. (Wapo watakaotaja mwaka 2021, Sri Lanka ilipozuia ghafla mbolea zote za viwandani pamoja na viuatilifu na mavuno yakaanguka. Hilo ni jambo jingine kabisa, nalo limetumiwa mno kutisha watu.)

Barabarani

Katika mji wa Mikumi, unaojulikana kwa malori yanayolala njiani, uainishaji una sura nyingine. Hapa kila kemikali ina namba ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne: 1203 ni petroli, 1689 ni sianidi ya sodiamu, 1830 ni tindikali ya salfuriki, 1350 ni salfa. Msingi wake ni swali la zimamoto na polisi: lori likipinduka, nifanye nini katika dakika kumi za kwanza? Kwa swali hilo mfumo wa usafirishaji ni mzuri, pengine kuliko yote niliyoitaja.

Nao pia una mambo yake. Salfa inayoshushwa bandari ya Dar es Salaam kwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo ni kitu kigumu kinachowaka, lakini ikiwa imefinyangwa katika umbo la punje au vidonge, kanuni za usafirishaji zinaiondoa kwenye orodha ya shehena hatari. Unga wake ni hatari, punje zake si hatari. Salfa hiyo hiyo ya unga, ikienda Mtwara kupulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, inageuka kuwa kiuatilifu cha daraja la III na inakuwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Ikibaki ya viwandani, msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Mfanyakazi anayeibeba ni wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na mto ikimwagika ni wa NEMC, baraza la mazingira. Silalamikii wingi wa mamlaka. Ninachosema ni kwamba daraja linaloandikwa kwenye karatasi linategemea ofisi ambayo karatasi imepita.

Sianidi inayokwenda kwenye dhahabu ya Chunya na Songwe ni mfano mkali zaidi. Kwa ukali wake, iko katika kundi la kwanza la ufungashaji, lililo kali kuliko yote. Ikiwa kavu ndani ya chombo kilichofungwa haimfuati mtu. Ikikutana na tindikali inatoa gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, yaani mchana wa kawaida Mikumi haiwezi kubaki kimiminika. Kanuni zinakataza kuzipakia pamoja, lakini kukataza kupakia ndani ya gari moja hakuzuii kirahisi malori mawili ya kampuni mbili kulala ubavu kwa ubavu kwenye maegesho. Hatari ya kweli hapo ni ya ujirani, na ujirani hauna namba.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, na moto ukaua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamefika kuchota petroli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa hajui kwamba petroli inawaka. Alama ya mwali wa moto ilikuwa haina jipya la kuwaambia. Jambo ambalo halikuonekana ni mvuke, ulio mzito kuliko hewa, unaotambaa chini mbali na dimbwi na kutafuta cheche. Kipimo kinachoiweka petroli katika daraja lake ni cha mvuke huo kushika moto, lakini picha iliyochorwa kwenye tangi ni ya mwali.

Ndege wasio na alama

Mifumo yote hii, kwa pamoja, ina upofu mmoja unaoihusu Mikumi moja kwa moja. GHS ina madaraja ya madhara kwa mazingira, lakini madaraja hayo ni ya viumbe wa majini na tabaka la ozoni. Hakuna daraja la ndege, wala la nyuki, wala la mnyama anayekula mzoga. Mbele ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964 na yenye kilometa za mraba 3,230 za tai, tumbusi na simba, alama ya samaki mfu na mti mkavu inatoa taarifa ya mtoni peke yake.

Fenthioni inaonyesha maana ya upofu huo. Ni oganofosfati ya daraja la II, utepe wa njano. Kwa ndege ni kali kupita kiasi, na ndiyo sababu Tanzania, Kenya na nchi nyingine za Afrika zimeitegemea kwa miaka mingi dhidi ya ndege waharibifu aina ya kwelea. Hunyunyiziwa na ndege ya shirika la kupambana na nzige jioni, juu ya vichaka ambako kwelea kwa maelfu na malaki wamerudi kulala. Makundi makubwa zaidi husumbua Dodoma, Singida, Shinyanga na Mbeya kuliko Kilosa. Lakini mkulima yeyote wa mpunga wa bonde la Mto Mkondoa, huku Kilosa, ambaye watoto wake wameamia ndege kwenye dungu kutoka alfajiri anaelewa kwa nini wenzake hushangilia ndege hiyo ya dawa ikionekana. Nami sina ubishi na shangwe hiyo. Ubishi wangu ni kuhusu kinachofuata: kwelea anayekufa polepole huliwa na kipanga, na kipanga hufa. Na katika wilaya kama Kondoa, ambako kwelea ni kitoweo cha miaka mingi, mzoga uliookotwa chini ya mti unaweza kufika chunguni.

Kenya ilipata funzo la namna hiyo kwa karbofurani. Furadan ilikuwa dawa ya punje ya kuzuia wadudu ardhini, ikageuzwa chambo cha simba na tumbusi, mpaka mtengenezaji wake alipoanza kuinunua tena kutoka madukani mwaka 2009. Karbofurani ni daraja la Ib, na punje hafifu huwa na utepe wa chini zaidi kwa hesabu ile ya asilimia. Hakuna hesabu inayomhesabu mtu aliyenyunyiza punje kwenye mzoga wa ng'ombe.

Hatari au uwezekano?

Wataalamu wa tasnia ya viuatilifu wana jibu kwa haya yote, na si jibu la kupuuza. Wanasema daraja linaonyesha kihatarishi, yaani uwezo wa kemikali kudhuru. Madhara halisi hutegemea pia kiasi kinachomfikia mtu, kwa hiyo kinachotakiwa ni tathmini ya uwezekano wa madhara pamoja na mafunzo ya matumizi salama. Kwa nadharia, wako sahihi. Kemikali kali inayotumika ndani ya mtambo uliofungwa inaweza kuwa salama kuliko kemikali hafifu ndani ya bomba linalovuja.

Hata hivyo, tathmini hiyo imejengwa juu ya mtu aliyevaa glavu, anayesoma kibandiko, anayepima kwa kikombe chenye mistari, na anayeishi karibu na hospitali. Ukimwondoa mtu huyo na kumweka kibarua wa msimu wa Rudewa, umbali kati ya kihatarishi na madhara unapungua mpaka unakaribia kwisha. Kinga ya pekee inayobaki ni kemikali yenyewe kutokuwapo, au kuwapo iliyo hafifu. Kwa sababu hiyo sikubali kwamba nchi yetu inapaswa kuacha kusajili kwa kufuata vihatarishi na kuegemea tathmini za uwezekano zilizofanywa kwa mazingira ya wengine. Daraja lina kasoro, nimezitaja. Dawa ya kasoro hizo ni kulipanua liulize maswali yetu.

Njia ipo tayari, tena rasmi. FAO na WHO wana vigezo vinane vya kutambua viuatilifu vyenye hatari kubwa. Cha kwanza ni madaraja ya Ia na Ib. Vinavyofuata vinahusu saratani, mabadiliko ya kijenetiki na madhara ya uzazi, kisha mikataba ya kimataifa. Cha nane ni tofauti na vingine: kinaruhusu nchi kukiita kiuatilifu cha hatari kubwa kwa sababu, katika mazingira yake yenyewe, kimeonekana kuleta madhara makubwa au yasiyorekebishika mara kwa mara. Kigezo hiki hakihitaji panya. Kinahitaji kumbukumbu.

Mkataba wa Rotterdam, ambao Tanzania ni mwanachama, unakwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 6 kinairuhusu nchi inayoendelea kupendekeza bidhaa hatari kwa ushahidi wa matukio ya shambani kwake. Chad, moja ya nchi maskini zaidi duniani, ilikitumia kwa ajili ya fenthioni iliyokolezwa, ile ile inayonyunyiziwa kwelea, kutokana na taarifa za watu wake walioumwa. Pendekezo lilizuiwa mkutano baada ya mkutano, kwa kuwa nchi chache zinaweza kukwamisha makubaliano, kama zilivyofanya kwa parakwati iliyopendekezwa na Burkina Faso. Mwaka 2025, mjini Geneva, fenthioni yenye gramu 640 au zaidi za kiambato amilifu kwa lita iliingizwa katika orodha. Kuorodheshwa si marufuku. Kunamlazimisha muuzaji kupata ridhaa ya nchi inayoagiza baada ya nchi hiyo kuarifiwa. Lakini kiuatilifu cha utepe wa njano kimewekwa katika fungu la viuatilifu hatari duniani kwa taarifa zilizoandikwa kijijini.

Nchini kwetu taarifa hizo zina mapengo. Tafiti za hospitalini zilizoongozwa na Elikana Lekei zimeonyesha kwamba kumbukumbu za wagonjwa wa sumu mara nyingi hazitaji kemikali iliyowaumiza. Mgonjwa anaandikwa kuwa amekunywa au amevuta sumu, anatibiwa, anaruhusiwa au anafariki, na kiuatilifu kinabaki na daraja lake safi. Kigezo cha nane na kifungu cha 6 haviwezi kutumika kwa maandishi ya namna hiyo.

Ombi langu kwa TPHPA na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ni fupi. Zahanati za kata za Ulaya, Zombo, Kidodi na Mikumi zipewe fomu moja ya ukurasa mmoja yenye nafasi ya jina la biashara, kiambato amilifu, asilimia yake, dawa alizochanganya, sehemu ya mwili iliyoguswa na hali ya mgonjwa alipoondoka. Ndugu waliomleta waambiwe waje na chupa. Fomu zipelekwe Arusha kwa msajili wa viuatilifu kila robo mwaka, na msajili azisome kabla ya kuongeza muda wa usajili wa bidhaa yoyote iliyotajwa humo, bila kujali rangi ya utepe wake.